Rangi Nne za Kumwambia Mtu Yuko Wapi

Kuna watu wameandika kurasa na kurasa kuhusu michoro ya matatu, mabango ya vinyozi na maandishi ya kuta za makanisa ya mabati. Na ni sawa, hizo kazi zinastahili. Lakini menyu ya DVD haijapata mhakiki, na ndani ya hiyo menyu kuna kitu kidogo zaidi ambacho hata waliokitumia miaka kumi hawana jina lake: ile rangi inayowaka juu ya neno ukibonyeza mshale kwenye rimoti. Ukishuka, inashuka. Ukienda kulia, inakufuata. Hapa nitaiita mwako, kwa sababu kazi yake ni kuwaka.

Dai langu ni hili: mwako ndio sehemu ya DVD inayokuonyesha kama fundi alimfikiria mtazamaji ama alikuwa anamaliza kazi alipwe aende. Jalada laweza kukudanganya. Muziki wa menyu unaokotwa popote. Mwako unamkamata fundi peupe, kwa sababu una kazi moja tu, kukwambia uko wapi, na ama inafanyika ama haifanyiki.

Tukumbushane kidogo. Kabla DVD ishike huku, sinema nyingi za River Road na za Nigeria zilitufikia kwa VCD. VCD nayo ilikuwa na menyu, ila ya nambari: skrini inakupa orodha, wewe unabonyeza 1, 2 ama 3. Hakuna kitu kinachotembea. Skrini haijui umesimama wapi na wewe huhitaji kujua. DVD iliingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996, na Marekani mwaka wa 1997, na ilikuja na mishale. Ukishampa mtu mishale umejitwika deni, lazima umwonyeshe amefika wapi. Mwako ndio malipo ya hilo deni.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu huwezi kuhakiki chapati kama hujui unga.

Menyu ya DVD ina matabaka mawili. Chini kuna picha yenyewe, iwe imetulia ama ni video inayojirudia, na hiyo ina rangi zote unazotaka. Juu yake kuna tabaka la pili, jembamba, ndilo linalobeba mwako. Hili tabaka ni maskini ajabu. Kila pikseli yake inaweza kuwa kitu kimoja kati ya vinne, basi. Kwa kawaida kimoja kinaachwa wazi kabisa ili picha ya chini ionekane, kwa hivyo fundi anabaki na rangi tatu za kuchezea. Anazichota kwenye kisanduku cha rangi 16, na kila moja anaweza kuipa uwazi wa viwango 16, kuanzia isiyoonekana hadi inayofunika kila kitu. Kitufe kina hali tatu: kimetulia, kimechaguliwa, kimebonyezwa. Eneo lake ni lazima liwe mstatili hata kama ulichochora ni ua. Na kwenye skrini ya 4:3, vitufe haviwezi kuzidi 36 kwa menyu moja.

Hapo ndipo kilio huanza. Mtu ametoka Photoshop, amezoea mamilioni ya rangi, vivuli laini, kingo zinazoyeyuka. Anachora kitufe chenye mng'ao kama taa za klabu, anakipeleka kwenye programu ya DVD, kinarudi na meno kama msumeno. Analaani programu, na programu haina kosa. Ukingo laini huhitaji rangi nyingi za katikati, kutoka giza kwenda mwanga, na hili tabaka halina rangi za katikati. Wajuaji walikuwa na ujanja wao: kati ya zile rangi tatu, moja wanaifunga kabisa, ya pili wanaipa uwazi wa nusu na kuipaka pembeni tu, uzi mwembamba, jicho lidanganyike kuwa ukingo ni laini. Kwenye Adobe Encore walikuwa wanapanga hizi rangi kama matabaka ya Photoshop yenye majina ya ajabu, (=1), (=2), (=3), na ukikosea alama moja mwako wako hauonekani ng'o.

Kuna mitego mingine. Pikseli za DVD si za mraba. Picha ya PAL, mfumo uliotumika huku kwetu, ni 720 kwa 576, lakini televisheni inaivuta ikae 4:3 ama 16:9. Chora duara safi kwenye kompyuta bila kupiga hesabu, na sebuleni utapata yai. Kisha zile televisheni zenye kisogo kikubwa zilichora picha kwa kurukaruka, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, kwa hivyo mstari uliolala wenye unene wa pikseli moja ulitetemeka kama mtu ana homa. Na kingo za skrini zilimezwa na fremu ya televisheni. Fundi mzuri aliweka vitufe vyake ndani, mbali na pembe, akanenepesha mistari yake, akaacha kuringa.

Sasa uhakiki wenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni lile la vitufe viwili, na limefanywa na studio kubwa za ng'ambo na vibanda vya mtaa bila ubaguzi. Menyu ina vitufe viwili tu, tuseme Ndiyo na La. Kimoja ni cheupe, kingine ni cha manjano. Ukibonyeza mshale, cheupe kinakuwa cha manjano na cha manjano kinakuwa cheupe. Haya, niambie: umechagua kipi? Manjano ndio mwako ama nyeupe ndio mwako? Ukiwa na vitufe vitano unaweza kubahatisha, kwa sababu kile kilicho peke yake ndicho. Vikiwa viwili, huna wengi wala wachache. Unabonyeza OK ukiomba Mungu.

Dawa yake iko ndani ya umaskini uleule. Badala ya kubadilisha rangi ya neno, ongeza umbo ambalo halikuwepo: mstari chini yake, mshale kando yake, fremu kulizunguka. Kitu kinachotokea hakihitaji kulinganishwa na kitu. Kipo ama hakipo. Hata mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani anakiona.

Na hapa nitasema jambo ambalo watu wa hakimiliki hawatapenda. Mwako uliosomeka vizuri kuliko yote niliyoona Nairobi ulikuwa kwenye diski feki. Zile za sinema nane ama ishirini kwa diski moja, zenye picha za majalada zimepangwa kama dirisha la duka. Mwako wake ulikuwa fremu nene nyekundu kuzunguka jalada, basi. Haikufunika picha wala kujaribu kung'aa. Ukiwa umekaa nyuma ya watu sita kwenye kibanda cha sinema, bado unajua fremu iko kwa Jackie Chan. Fundi wa hiyo diski alikuwa anaiba jasho la wengine, sikatai. Lakini alijua wateja wake wanakaa mbali na skrini, wengi hawasomi lugha ya jalada, na wana haraka. Alichukua mstatili, umbo ambalo teknolojia inampa bure, na akaacha uwe mstatili.

Upande wa pili kuna wale waliogeuza mwako kuwa sehemu ya hadithi. DVD ya The Matrix ya mwaka wa 1999 ilikuwa na sungura mweupe anayejitokeza katikati ya filamu. Ukibonyeza rimoti wakati yuko hapo, unapelekwa kuona vile hiyo sehemu ilitengenezwa, kisha unarudishwa. Yule sungura ni kitufe, wa ukoo mmoja na maneno ya menyu, ila ametolewa kwenye menyu akaachiliwa ndani ya sinema yenyewe. Filamu inamwambia Neo afuate sungura mweupe, na diski inakuambia wewe vilevile. Rangi chache zimekufanya mhusika. Toleo maalum la Memento la 2002 lilienda mbali zaidi: menyu zake ziliundwa kama mtihani wa kisaikolojia, na anayepata njia sahihi anafikia filamu ikiwa imepangwa kwa mfuatano wa kawaida wa wakati. Naiheshimu hiyo kazi, lakini inafanya jambo ambalo fremu nyekundu ya kibandani haikuthubutu: inafurahia ukipotea. Kwa filamu kuhusu mtu asiyeweza kukumbuka, inaingia. Kwa mazishi ya mtu wako, haiingii.

Nasema mazishi kwa sababu huko ndiko DVD ilifanyia kazi yake nzito katika nchi hii. Kila mtaa ulikuwa na studio ya video, chumba kimoja, kompyuta moja, bango lenye picha ya bibi harusi. Harusi, ruracio, mahafali, mazishi. Hizi ndizo filamu ambazo familia zetu zimetazama mara nyingi kuliko sinema yoyote, na hakuna tuzo inayozitambua.

Shosh wangu alizikwa 2009, na studio moja, ambayo sitaitaja, ikatutengenezea DVD. Menyu yake ni waridi na mapazia ya dhahabu, yaani menyu ya harusi iliyokuja na programu, jina likabadilishwa. Kuna vitufe vinne, vyote kwa Kiingereza. Cha kwanza kimeandikwa "Play Movie". Mazishi ya shosh, movie. Cha pili kanisa, cha tatu kaburini, cha nne kwaya. Na mwako? Moyo wa pinki, kushoto kwa neno.

Ukiwa na macho ya mhakiki unamaliza hii kazi kwa sentensi moja. Haina heshima. Moyo wa pinki kando ya neno la kaburi ni kitu ambacho hata adui yako hawezi kukutakia. Nilikuwa na hiyo sentensi tayari.

Halafu kuna guka. Guka hasomi Kiingereza, na macho yake hayasomi tena hata Kikuyu. Kwa miaka, karibu kila Jumapili jioni, alikuwa anaweka hiyo diski mwenyewe, anabonyeza mshale wa chini mara tatu, anaona moyo umefika mwisho wa orodha, anabonyeza OK, na kwaya inaanza. Hakutazama kanisa. Kaburi hata hakulikaribia, alilipita tu akielekea chini. Alitaka zile nyimbo dakika kumi na moja, shosh mwenyewe akiwa aliimba kwenye hiyo kwaya kitambo. Menyu yenye maneno manne asiyoweza kusoma ilikuwa inamtumikia vizuri kabisa, kwa sababu ya moyo wa pinki. Moyo ni umbo, si rangi tu. Unatokea penye haukuwa. Ni mkubwa. Fundi aliyekosa heshima kwa kila kitu kingine alikuwa, kwa bahati ama kwa ujuzi, amepatia hicho kimoja.

Niliacha chuo kabla tufike kwa nadharia za usomaji, kwa hivyo kama kuna msomi ameshalipa hili jina refu, anisamehe. Mimi nitasema kwa lugha ya nyumbani: uzuri wa kitu na wema wa kitu ni mizani mbili, na sisi wahakiki tunapenda kubeba moja tu.

Kisha binamu mmoja, kwa nia safi kabisa, akahamisha DVD zote za familia kwenye flashi. Diski zinakwaruzika, flashi inaingia kwa TV mpya, mantiki iko. Kila DVD ikawa faili moja ya MP4. Mazishi ya shosh yakawa saa mbili na dakika arobaini, mfululizo, yakianza na gari likitoka mochari.

Ukitaka kuelewa kilichopotea, rudi jikoni. Mwako haukai ndani ya filamu. Umbo lake, nafasi ya kila kitufe, kitufe kipi kiko chini ya kipi, ukibonyeza uende wapi: yote ni maelekezo kando ya picha, yanayosomwa na mashine ya DVD. Ukigeuza diski kuwa MP4 unabeba picha na sauti, maelekezo yanabaki nyuma. Hakuna ujumbe unaokuambia kuna kitu umeacha. Faili inacheza vizuri, kila mtu anafurahi, na mzee mmoja anagundua kwamba ili afike kwa nyimbo lazima kwanza amzike mkewe upya. Alijaribu kusogeza mbele mara mbili tatu. Kisha akaacha kutazama.

Diski ya asili ilikuwa bado kwa droo, na mikwaruzo yake, lakini inasomeka. Nikaamua kuitengenezea menyu mpya kwa dvdauthor, programu ya bure ambayo haina hata kidirisha, unaiandikia amri kama barua. Inataka mwako wako uwe picha isiyozidi rangi nne. Kwa hivyo swali lilikuwa ni nini kinachofaa kuwaka kando ya jina la shosh, kwa rangi tatu na uwazi mmoja, bila kingo laini.

Jibu lilikuwa limening'inia jikoni. Kiondo. Mshipi wa kiondo ni rangi chache bapa zilizokaa bega kwa bega, na kingo zake zina meno kwa sababu kila shono ni kitone. Mfumaji hana kivuli laini wala hahitaji. Kile ambacho wabunifu wanakiita umaskini wa DVD, mfumaji anakiita uzi. Nilichora kipande cha mshipi, kahawia, kijani na rangi ya mkonge, mistari imesimama wima isitetemeke kwenye televisheni ya guka, upana wa kutosha kuonekana kutoka kiti chake. Kikitulia hakipo. Kikichaguliwa kinatokea kushoto kwa neno, penye moyo ulikuwa. Kikibonyezwa, kahawia na kijani zinabadilishana nafasi kwa muda mfupi kabla mashine itafute sehemu yake. Hiyo hali ya tatu mafundi wengi huiacha ifanane na ya pili, na ndio maana watu hubonyeza OK mara mbili wakidhani rimoti imekufa. Ule mpepeso mfupi ni menyu ikikuambia, nimesikia.

Maneno niliyabadilisha pia. Kitufe cha nne sasa kimeandikwa Nyimbo, neno ambalo Kiswahili na Kikuyu vinagawana bila kugombana. Lakini nafasi sikugusa. Nyimbo zimekaa palepale, chini mara tatu, kwa sababu vidole vya guka vilikuwa vimeshaikariri hiyo njia na mimi si nani wa kuwafundisha upya.

Guka alipoiona aliuliza swali moja: moyo umeenda wapi? Nikamwambia ni kiondo sasa. Akaangalia, akashuka mara tatu, akabonyeza.

Najua mtu atasema huu ni uzee wa mapema, kijana wa miaka ya ishirini analilia DVD. Silii. DVD haikuwa malaika. Mfumo uleule uliokupa mishale ulimruhusu mtengenezaji kuifunga rimoti yako, ukae ukisoma onyo la hakimiliki kwa diski uliyonunua kwa pesa zako halali. Apple waliachana na DVD Studio Pro 2011, na Encore ya Adobe ikaishia toleo la CS6 la 2012, na dunia haikusimama. Ninachotetea ni tabia moja ya mwako: unasubiri. Umekuonyesha ulipo na sasa umenyamaza, hadi wewe useme. Kwenye skrini za kustrimu, ukisimama juu ya picha kwa muda inaanza kucheza kabla hujaichagua, na kipindi kikiisha kinachofuata kinajisukuma. Kule mwako upo, mkubwa na laini, una rangi zote za dunia. Umekosa subira tu. Unajua uko wapi, na kabla hujatulia unahamishwa.

Kwa hivyo, wasee, kabla hamjahamisha harusi na mazishi ya wazazi wenu kwenye flashi, fanyeni jambo moja. Nakilini diski nzima kama ilivyo, faili ya ISO, ambayo inabeba menyu, vitufe na mwako wake, hata kama ni moyo wa pinki. VLC inaifungua na mishale inafanya kazi. MP4 mtengeneze pia, sawa, ya kutuma kwa WhatsApp. Lakini ile nyingine ndiyo yenye njia ndani yake.

Na ukiitwa kutengeneza kitu chochote chenye vitufe, app ya chama, skrini ya hospitali, chochote, kijaribu hivi: zima sauti, rudi nyuma hatua nne, mwite mtu asiyesoma lugha uliyotumia, umuulize tuko wapi. Akionyesha kwa kidole bila kusita, kazi imeisha. Rangi tatu zinatosha, na ya nne iache wazi.